Lugha ya Kuvukia

Neno la kwanza la Kiingereza analolitamka mtoto wa Pemba halifundishwi na mtu. Ni skuli. Bara wanasema shule, neno walilolipata kwa Wajerumani; Visiwani tunasema skuli, na humo skulini mtoto hubeba buku na peni, akamtazama mwalimu akifuta ubao kwa dasta. Maneno hayo yalishuka bandarini kidogo kidogo, yakatiwa irabu mwishoni, yakazoeleka hata hakuna anayeuliza kwao ni wapi. Lugha yenyewe tunaiita Kiengereza, kwa e, na ilipoingia kwa njia hiyo haikumshinda mtu. Kilichowashinda wengi, kizazi baada ya kizazi, ni Kiingereza cha kwenye karatasi ya mtihani.

Kisiwa kilikuwa kinasoma kabla ya Mwingereza kufika. Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, vijiji vya Pemba vilikuwa na vyuo vyao: baraza au ukumbi wa nyumba ya mwalimu, mkeka, juzuu, na watoto wanaosoma kwa sauti moja. Chuo kwa Mpemba ndicho hicho. Chuo kikuu ni jambo la juzi. Kamange na Sarahani, malenga wawili wakubwa wa kisiwa hiki, walitunga katika zama ambazo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na watu wakazihifadhi tungo zao vifuani. Kwa hiyo skuli ya serikali ilipokuja haikuwakuta watu wasiojua kalamu. Ilikuja na herufi nyingine, na wazee wakauliza swali la haki: herufi hizi zinampeleka wapi mwanangu?

Walikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria Unguja na Pemba, wamisionari wa Quaker walianzisha misheni yao kisiwani, wakaweka makao Banani, karibu na Chake Chake, wakikusudia kuwahudumia walioachiwa huru. Herufi za Kirumi zilifika pamoja na Biblia. Kisha Idara ya Elimu ikaanza kazi chini ya S. Rivers-Smith mwaka 1907, naye akashikilia kwamba Kiswahili cha skuli kiandikwe kwa herufi hizo hizo. Mzazi aliona njia moja iliyonyooka kutoka misheni hadi skuli, akambakisha mtoto chuoni. Miaka mingi serikali ilihangaika kujaza madarasa yake ya mashamba, mpaka ilipokubali kuitia Kurani ndani ya ratiba na kuwaita walimu wa vyuo waje kuisomesha. Hapo wazazi wakaanza kulegeza. Nalitaja hili kwa kuwa mara nyingi huelezwa kama ujinga wa watu wa shamba, na halikuwa ujinga. Walikuwa wakilinda kitu wanachokijua dhidi ya kitu ambacho hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Na Kiingereza? Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kukitoa. Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, Zanzibar ikiwemo, ilihimiza elimu inayoshikamana na maisha ya kijiji, na sera ya Uingereza ya 1925 ikafuata mkondo huo: miaka ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao. Kwa upande wa kufundishia, walikuwa sahihi kabisa. Lakini ulikuwapo upande wa pili. Kiingereza kilibaki zaidi kwenye skuli za mjini, na Pemba karibu yote ni shamba, mabonde na mikarafuu. Ikajengeka imani ambayo haijang'oka hadi leo, kwamba kilichofichwa ndicho chenye thamani. Babu aliikimbia skuli kwa kuogopa herufi. Mjukuu akainung'unikia kwa kumpunja Kiingereza.

Katikati ya hayo ikaingia lugha nyingine, kimya kimya. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kukisimamia. Mtoto wa Pemba ambaye nyumbani husikia kwamba shangazi yake "kavyaa" alifika skuli akaambiwa aandike "amezaa". Wilfred Whiteley, aliyechapisha uchunguzi wake wa lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, alikuta kisiwa kidogo chenye namna nyingi za kusema. Basi tuhesabu: Kipemba cha mama, Kiarabu cha chuoni, Kiswahili cha buku, ndipo Kiingereza. Mtoto wa miaka tisa au kumi alikuwa anaifikia lugha ya nne. Hakuna mkaguzi aliyemtilia alama kwa zile tatu.

Chuo kilimpa pia zana ambayo mtaala haujawahi kuitambua. Zipo sauti mbili zinazowasumbua wanafunzi wa Kiingereza duniani kote, ile inayoanza neno think na ile inayoanza neno this. Mfaransa na Mjerumani hutoka jasho kwa sauti hizo. Mtoto wa Pemba anazo tayari. Amekaa miaka akinyooshwa ulimi juu ya thaa na dhali. Akitia sini mahali pa thaa, mwalimu wa chuo humsimamisha, akamrudisha nyuma mpaka alitoe neno sawasawa. Anasema thelathini na dhahabu bila taabu. Ningependa kila mwalimu wa Kiingereza anayepangiwa Pemba aambiwe jambo hili siku ya kwanza, aanze na watoto pale walipo na nguvu.

Lakini skuli ilichukua chuoni kitu kingine pia, na hicho kiliidhuru: kuitikia. Mwalimu anasema, darasa linarudia. Mwalimu anataja nusu ya neno, darasa linamalizia. Kwa Kurani, ambayo haki yake ni kuhifadhiwa herufi kwa herufi, njia hiyo haina mbadala. Kwa lugha ya kuulizia njia na kuandikia barua haitoshi, kwani mtoto anaweza kuitikia mwaka mzima asiseme hata sentensi moja iliyo yake.

Na magumu yenyewe yako mahali ambapo mgeni hayatazamii. Kiswahili hakimtofautishi mwanamume na mwanamke kwa yeye.

"Maalim, bibi ni he au she?"

"Bibi ni she, mwanangu. Babu ndiye he."

"Na ng'ombe?"

Hapo mwalimu hutua kidogo, kwa sababu ng'ombe ana jibu lake, na si jibu la dakika moja. Kisha kuna the, kineno kisicho na mwenziwe katika Kiswahili. Ukimwambia mtoto kwamba the huwekwa mbele ya kitu kinachojulikana, atakuuliza: basi jua na mwezi, ambavyo hakuna asiyevijua, vya nini kutambulishwa? Ni swali zuri. Mwalimu aliyefundwa vizuri hulifurahia. Mwalimu aliyesukumwa darasani bila matayarisho hulizima, kwa kuwa na yeye limemtia hofu, na tangu siku hiyo mtoto yule hujifunza kwamba katika somo hili watu hawaulizi.

Kwa wachache waliokipata, Kiingereza kilikuwa lugha ya kuvukia, kwa maana halisi ya neno. Seif Sharif Hamad alizaliwa Mtambwe mwaka 1943, akasoma Uondwe na kisha skuli ya wavulana ya Wete. Alipofaulu, sekondari yake ilikuwa ng'ambo ya bahari, King George VI ya Unguja, kuanzia 1958 hadi 1963, na mitihani yake ilikuwa ya Cambridge. Kijana wa Mtambwe aliyekaa kwenye mtihani ule alipimwa kwa lugha ya mtu ambaye hajapata kuona mkarafuu. Waliovuka walirudi makarani, walimu na watu wa idara za serikali, au hawakurudi. Muhammad Shamte, Mpemba aliyekuwa Waziri Mkuu Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Kisiwa kiliwatambua watu wake wakubwa kwa chaki.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakapindua na skuli. Tarehe 23 Septemba mwaka ule ule Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na hadi leo Zanzibar huiadhimisha siku hiyo. Kwa mzazi wa Pemba aliyekuwa akihesabu pishi za karafuu ili amsomeshe mtoto mmoja kati ya sita, tangazo hilo lilikuwa kubwa kuliko hotuba yoyote. Watoto wakamiminika. Walimu nao wakawa wanaondoka: Waingereza walirudi kwao, na wengi wa walimu wenyeji waliosoma sana wakakimbia au wakaondolewa. Wizara ya Elimu ilikabidhiwa mtoto wa Wete, Ali Sultan Issa, aliyezaliwa 1932, akaishika kuanzia 1965 hadi 1968 kwa moto wa mwanamapinduzi. Madarasa yaliongezeka. Wa kusimama mbele yake ndio waliokosekana.

Hivyo serikali ikawageukia vijana waliotoka kumaliza sekondari. Seif alitamani chuo kikuu; akatakiwa abaki azibe pengo. Alifundisha Lumumba, jina jipya la King George VI, na alifundisha Fidel Castro, sekondari ya Pemba iliyopewa jina la kiongozi wa Cuba. Hakuachiwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka 1972. Huko darasani ndiko lilikotoka neno lililotangulia jina lake maisha yote, hadi alipozikwa Mtambwe Februari 2021: Maalim. Alikuwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar kuanzia 1977 hadi 1980, akawa Waziri Kiongozi, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Vyeo vilikuja vikaondoka. La Maalim hakuna aliyemvua.

Sekondari kufika Pemba lilikuwa jambo la kihistoria, na silipunguzii uzito. Mtoto wa Konde au wa Kengeja hakulazimika tena kuvuka bahari ili asome. Lakini kivuko hakikuondoka. Kilihamia ndani ya skuli. Msingi wote ulikuwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Siku mtoto alipoingia sekondari, biolojia, jiografia, historia na hesabu vyote vilimgeukia kwa Kiingereza. Na mwalimu wake alikuwa kijana aliyepitia njia hiyo hiyo, kwa upungufu huo huo. Upungufu ukarithishwa kama shamba linavyorithishwa. Katika msimu mkubwa wa karafuu, mahudhurio nayo hulegea, kwa kuwa nyumba nyingi hutegemea mikono yote iliyomo. Somo la lugha ndilo linaloumia haraka zaidi kwa kuachwa wiki kadhaa. Hesabu inaweza kukusubiri, ulimi hausubiri.

Wakuu wa elimu waliliona pengo hilo. Zanzibar ikaweka darasa la maandalizi la mwaka mmoja kati ya msingi na sekondari, lililojulikana kwa herufi zake tatu, OSC, ili mtoto azame kwenye Kiingereza kabla ya kukabidhiwa vitabu vya kidato cha kwanza. Bara nako walikuwa wakihangaika na donda hilo hilo. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakaona kwamba wengi mno hawakiwezi kiasi cha kusomea masomo mengine. Jibu lililochaguliwa likawa msaada wa Uingereza wa vitabu na mafunzo ya walimu, ili Kiingereza kiendelee kubeba mzigo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekipa Kiswahili heshima yake yote, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Sina ugomvi na kauli hiyo. Pemba inakihitaji Kiingereza: kwa bandari, kwa vyuo vikuu, kwa udaktari, kwa ndugu zetu walioko London na Toronto, kwa kusoma mkataba kabla ya kuutia saini. Ugomvi wangu ni na kuifanya lugha ambayo mtoto hajaijua iwe ndiyo ya kumfundishia asiyoyajua.

Na hapo ndipo sera ilipozidi kusogea. Sera ya Maendeleo ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na ikaamua kwamba hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mwaka wa maandalizi ukaondoka. Nia ilieleweka: mtoto akianza mapema, atazoea mapema. Lakini mwaka uliokusudiwa kumpa lugha ulitolewa, na mzigo wa lugha ukashushwa chini kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Miaka hiyo hiyo, mradi wa utafiti uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Bristol na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chini ya Pauline Rea-Dickins, ulikuwa ukichunguza mitihani ya kidato cha pili Visiwani. Watafiti walikuta wanafunzi walioacha nafasi tupu kwenye karatasi ya Kiingereza, na walipoulizwa jambo lile lile kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza kilicholainishwa, wengi wakaonyesha kwamba wanalijua. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukiandika kwenye ripoti kwamba mtoto hajui sayansi.

Walimu hawakukaa wakilalamika tu. Ukienda vituo vya walimu vya Pemba, Mizingani, Michakaini, Mitiulaya na Wingwi, utakuta ndiko kazi ngumu inakofanyika, mwalimu akimsikiliza mwenziwe akitamka, akimsahihisha bila kumfedhehesha. Chuo cha ualimu cha Benjamin Mkapa kilichoko Mchanga Mdogo kimewapunguzia vijana wa Pemba ulazima wa kuvuka ili wawe walimu. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 35 kwa mradi wa Zanzibar uliolenga hesabu, sayansi na Kiingereza, tangu madarasa ya juu ya msingi hadi sekondari, na sehemu kubwa ya wazo lake ilikuwa kumwimarisha mwalimu kwanza. Hilo lilikuwa wazo sahihi. Lilichelewa miaka hamsini.

Keti nyuma ya darasa la tano, katika skuli yoyote ya shamba, kipindi cha sayansi. Watoto wamebanana watatu watatu kwenye dawati, wasichana kwa mitandio myeupe, madirisha wazi, harufu ya karafuu ikiingia ikiwa ni msimu. Mwalimu anaandika evaporation ubaoni. Anaisoma, wanaitikia, anaisoma tena, wanaitikia kwa nguvu zaidi. Anasoma maelezo yake kwa Kiingereza kutoka kitabuni, polepole. Macho yanamtazama. Kisha anaweka kitabu chini, anautupia jicho mlango, na kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo anaanza: "Sasa jamani, nisikilizeni." Kinachofuata ni Kiswahili, na ndicho kipindi chenyewe. Amefanya hivyo maelfu ya mara na bado anafanya kama mtu anayeiba. Halafu anarudi ubaoni, anaandika sentensi mbili za Kiingereza, wanazinakili, kwa sababu ndizo zitakazoulizwa.

Siku ya mtihani yupo mtoto atakayeliangalia swali la evaporation na kuliacha. Mfuate baada ya skuli, nyumbani, uani ambako mama yake ametandaza jamvi la karafuu, muulize kwa lugha yake yale maji yamekwenda wapi. Atakwambia kwamba karafuu mbichi huwa nzito kwa kuwa imebeba maji, na jua likiipata siku tatu nne maji yake hupanda juu, ikabaki kavu, nyeusi, na uzito wake umeshuka zaidi ya nusu. Atakwambia mawingu yakitanda maji hayaondoki, karafuu ikaota ukungu, bei ikaanguka. Atakuonyesha kwa mkono: ataokota moja, ataivunja, usikie inavyolia. Kisha atanyanyuka mbio, kwa sababu wingu limetokea upande wa bahari na jamvi linataka kukunjwa.